Bustani ya kikundi ilikufa: turudi tena au tuache?

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 32 katika kijiji kimoja cha Chamwino, Dodoma, mbali kabisa na lami. Miaka miwili iliyopita mradi mmoja ulitupa mbegu, ndoo za kumwagilia na uzio wa waya, tukalima bustani ya pamoja ya eka moja pembeni ya kisima cha pampu ya mkono. Msimu wa kwanza tulikula na tukauza. Mradi ulipofunga, zamu zikalegea, pampu ikazua ugomvi, mbuzi wakamalizia kazi. Sasa uongozi wa kijiji unatuhimiza tuanze upya, ila waume zetu wanatucheka, wanasema mchicha haushibishi. Je, bustani kama hii inapunguza njaa kweli au tunajisumbua? Na tukirudi, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake mna vitu viwili visivyopatana hata kidogo: eka moja na pampu moja ya mkono. Nitafika huko. Kwanza niwape waume zenu haki yao.

Wamesema kweli. Tuta la mita 1 kwa 10, likitiwa samadi na kumwagiliwa vizuri, linaweza kukupa kilo 15 hivi za mchicha kwa mkupuo mmoja. Kilo moja ya mchicha ina kalori kama 230, kwa hiyo tuta zima ni kalori 3,450. Kilo moja ya mahindi peke yake ina kalori 3,600 hivi. Maana yake, jasho lote la tuta lile, kwa habari ya kushiba, halijafikia kilo moja ya dona. Na familia ya watu sita, kama ingeishi kwa nafaka tupu, ingehitaji karibu tani moja na robo kwa mwaka. Hakuna bustani ya kumwagilia kwa ndoo itakayoziba pengo hilo. Mtaalamu akija kuwaambia kwamba itaziba, mpeni chai, mshukuruni, aende zake.

Lakini huko kwenu kuna njaa mbili, na hazitembei pamoja. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 ikiwa mwaka mwema. Njaa ya kwanza, ile inayoitwa njaa na kila mtu, hubisha hodi Januari hadi Machi: ghala limebaki vumbi, mtama bado uko shambani. Ila ukitazama nje miezi hiyo, mboga ndiyo wakati wake. Mlenda umejiotea, mchicha pori uko kila mahali, majani ya kunde na ya maboga yanachumwa bila kununuliwa. Njaa ya pili huja Agosti hadi Novemba. Nafaka bado ipo, kwa hiyo hakuna anayelalamika, ila kijani kimetoweka. Mtoto anakula ugali na mlenda mkavu leo, kesho, na mtondo. Anashiba, lakini vitamini A, madini ya chuma na vingine vinavyojenga damu anavipata kwa kubahatisha.

Bustani yenu ni dawa ya njaa hii ya pili. Ya kwanza inaipunguza kwa njia ya kuzunguka tu, kwa fedha ya mboga mnayouza Septemba ikanunua debe la mahindi kabla bei haijapaa. Ukiwaeleza wanaume hivyo, kicheko kitapungua, kwa sababu hutakuwa umewadai waamini kisichoaminika.

Tena niseme jambo ambalo wenye miradi hawapendi kuliandika kwenye ripoti zao. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kila mradi wa bustani huahidi kuishusha tarakimu hiyo. Tafiti za bustani katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu wakilima mboga wanakula mboga nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Urefu wa mtoto, hata hivyo, haufuati hivihivi. Kuna kuharisha, kuna maji machafu, kuna mama anayetoka asubuhi na kurudi jua limezama huku mtoto akiachiwa uji mwepesi wa jana. Kwa hiyo msijipimie mafanikio kwa kipimo cha kliniki. Jipimieni kwa sufuria: Oktoba, siku ngapi kwa wiki nyumba ya mwanachama ilipikwa mboga mbichi?

Sasa turudi kwenye eka na pampu.

Mboga za majani wakati wa kiangazi, kwa jua lenu na upepo ule wa Dodoma, zinataka maji kama lita 5 kwa kila mita mraba moja kwa siku. Eka moja ni mita mraba 4,000. Zidisha: lita 20,000 kila siku ya Mungu. Pampu ya mkono iliyo nzima hutoa kama lita 1,000 kwa saa, ikisukumwa na mtu asiyechoka. Kwa hiyo ili eka yenu inywe, pampu ingesukumwa saa 20 kwa siku, na kijiji kizima kigawane saa 4 zilizobaki kwa kunywa, kupika, kufua na ng'ombe. Mwanangu, ugomvi pale pampuni haukuletwa na roho mbaya ya mtu. Uliandikwa siku eka ilipopimwa. Msimu wa kwanza mliponea kwa sababu ardhi ilikuwa bado na unyevu wa masika na moyo ulikuwa wa moto.

Geuzeni hesabu. Msianze na ardhi mkaenda kwenye maji, anzeni na maji. Tuseme jumuiya ya watumia maji ya kijiji inawakubalia saa 3 na kidogo kwa siku, zile za mchana ambazo foleni ya ndoo huwa imekwisha. Hizo ni lita 3,200. Gawa kwa 5, unapata mita mraba 640. Gawa kwa wanachama 32, kila mmoja ana mita mraba 20, yaani matuta mawili ya mita 1 kwa 10. Ndoo tano za lita 20 kwa kila mama kwa siku. Basi. Eneo lote ni chini ya sehemu moja ya sita ya eka ile mliyokuwa mnaing'ang'ania. Litaonekana dogo, na mwenyekiti anaweza kusema mnaona haya kulima. Mwonyesheni hesabu.

Mtaniuliza kuhusu tangi la mvua, kwa sababu kila anayekuja huko hulisifia. Mvua ni tamu kwenye karatasi: milimita moja juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Jengo la shule la mita 40 kwa 8 linaweza kuvuna zaidi ya lita 140,000 kwa mwaka wa mvua ya milimita 550. Shida ni mahali pa kuziweka. Tangi la lita 10,000 mnaloweza kununua kwa kuchangishana litanywesha bustani yenu siku tatu. Tangi ni zuri kwa kitalu cha miche na kwa kunywa shuleni. Msilitegemee kuvuka nalo hadi Novemba.

Kitu ninachokiamini zaidi kwa nchi yenu ni korongo. Kama mna korongo la mchanga lisilo mbali, tembeeni ndani yake Agosti mkiwa na majembe. Mkichimba mita moja au mbili mkakuta maji, mna hazina ambayo haivukizwi na jua, maana mchanga ndio kifuniko chake. Ndugu zetu wa Ukambani, kule Machakos, Makueni na Kitui nchini Kenya, wameifanya hii kuwa kazi ya vizazi: wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga huo unashika maji yapatayo robo ya ujazo wake au zaidi. Wanaujenga kwa vikundi vya kusaidiana wanavyoviita mwethya, kila nyumba ikitoa mawe na mikono. Ukuta unahitaji mhandisi wa kupima mwamba, usijengwe kwa kukisia. Kisima kifupi cha mchangani, chenye pete za zege ili kuta zisiporomoke, kinawezekana kwa nguvu zenu wenyewe na fundi mmoja.

Pampu ya nguvu ya jua? Ndiyo, lakini baadaye. Nimeona nyingi zimesimama kama masanamu kwa kukosa kipuri kidogo tu. Anzeni na ndoo, jueni kwanza kama mnaweza kuelewana.

Na kuelewana ndiyo nusu nyingine ya jibu langu. Mlilima pamoja: jembe pamoja, kumwagilia kwa zamu, kugawana mavuno sawasawa. Hapo ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuanguka. Nikiwa bado kazini, kijana na mwenye maneno mengi, nilianzisha bustani ya namna hiyohiyo katika kijiji kimoja na nikaichorea ratiba ya zamu kwa rangi tatu. Wiki ya sita mama mmoja alikuwa na mgonjwa, wa pili akasema kama yule hakuja kwa nini mimi nije, wa tatu akamwagilia lakini akachuma kidogo cha kwake akirudi. Mwezi wa nne nilikuta ratiba yangu bado inang'aa ukutani mwa ofisi ya kijiji, na bustani ni jangwa. Nililaumu uvivu wao kwa miaka kadhaa kabla sijajilaumu mwenyewe. (Mimi ni Mhehe na wale walikuwa Wagogo, kwa hiyo lawama zilipita kama utani, ila nilizimaanisha.)

Wazee wa kijiji chenu wangeweza kunifundisha bila ada. Waulizeni waliohamishiwa vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 palikuwa na shamba la kijiji la pamoja, na watu walikwenda huko kwa kengele, lakini nguvu zao za kweli walizibakiza kwa shamba la nyumbani. Baadaye yakaja mashamba ya bega kwa bega: eneo moja kubwa, limepangwa pamoja, lakini kila kaya na kipande chake ndani yake. Wazo lile la pili ndilo ninalowapa. Yale ambayo mtu mmoja hayawezi, yafanyeni pamoja: uzio, kisima, kitalu cha miche, kununua mbegu, kwenda mnadani kuuza. Yale ambayo mtu mmoja anayaweza, aachiwe mwenyewe: matuta yake mawili, ndoo zake tano, mavuno yake. Akiwa na mgonjwa, atamwomba shoga yake amwagilie, na deni hilo watalipana wao kwa wao bila kikao.

Si kwetu tu. Katika wilaya ya Kalalé, kaskazini mwa Benin, mwaka 2007 vikundi vya wanawake 30 hadi 35 vilifungiwa pampu za nguvu ya jua na mipira ya matone kwenye bustani za nusu hekta. Uzio mmoja, mtambo mmoja, tangi moja, lakini kila mwanamke akiwa na kipande chake. Watafiti waliowafuatilia walichapisha matokeo mwaka 2010: mboga zilizobaki nyumbani zilikuwa asilimia 18 tu ya uzito wa mavuno, nyingine ziliuzwa, na kwa hizo zilizobaki pamoja na fedha iliyopatikana, mlo wa nyumba zile ulibadilika. Angalia vizuri: nusu hekta ni zaidi ya eka yenu, na idadi ya wanawake ni kama yenu. Walichokuwa nacho ninyi hamna ni maji. Ndiyo maana nawapa kipimo kidogo kuliko chao, bila aibu.

Tuta moja, hata hivyo, liwe la kikundi. Liwekeni karibu na lango ambapo kila mtu analiona. Hilo ni la mbegu na la mwenye shida: mzazi aliyejifungua, mzee asiye na mtu. Mkiweza kulitunza hilo moja kwa pamoja mwaka mzima, ongezeni.

Kuhusu cha kupanda sina maneno mengi, ila nina katazo moja: msianze na nyanya. Najua ndiyo yenye fedha. Tangu kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, nyanya imekuwa kamari. Yule mdudu anachimba jani kwa ndani, na asiye na fedha ya dawa, tena ya kubadilishabadilisha, anavuna matundu. Anzeni na vile ambavyo mama zenu walivijua: mchicha, mgagani, mnavu, kunde za majani, bamia, ngogwe. Vinastahimili joto, vinachumwa mapema, na sehemu kubwa ya mbegu zake mtaitoa wenyewe. Hapa ndipo mlipokwama mbegu za mradi zilipoisha. Kama mlipewa kabichi, msingeweza kutoa mbegu hata mngetaka, mmea huo unadai baridi ambayo Chamwino haina. Mchicha ni tofauti: acheni miche sita iliyonona kuliko yote katika tuta la kikundi, isichumwe, iacheni izeke, pukuteni mbegu, kausheni, tieni katika chupa kavu pamoja na majivu kidogo. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Tengeru, Arusha, kimetumia miaka mingi kuboresha mboga hizihizi za asili. Mkipata mtu wa kuwaletea mchicha wa Madiira au mnavu wa Nduruma, majani yake ni mapana na mavuno yanaonekana. Sukuma wiki inafaa Juni na Julai wakati kuna kibaridi. Ikifika Septemba itajaa vidukari, ing'oeni.

Matuta yenu yasiinuliwe kama ya Iringa. Kwenu udongo ukiinuka unakaushwa na upepo pande zote. Chimbeni matuta yaliyozama, kina cha sentimita 15 hadi 20 kutoka usawa wa njia, tieni samadi iliyoiva debe mbili hadi tatu kwa kila tuta, kisha baada ya miche kushika funikeni udongo kwa nyasi kavu au mabua ya mtama. Matandazo hayo yanaweza kuwaokolea ndoo moja kati ya tano. Na kwa kuwa maji ya kisima hushuka kadiri kiangazi kinavyokomaa, kubalianeni mapema kwamba kuanzia katikati ya Septemba kila mmoja atabaki na tuta moja tu. Msisubiri pampu ianze kukohoa ndipo mgombane nani apunguze.

Maji yanayomwagika pale pampuni yachimbieni mfereji mdogo, mwisho wake pandeni mipapai na matembele. Nyumbani nako, maji ya kuoshea vyombo yanatosha kuweka hai mlonge mmoja na gunia moja la mboga karibu na jiko. Hivyo havihitaji kikundi.

Mbuzi. Waya wa mradi umekwisha au umeibwa, naamini. Zungushieni miiba ya kukata mwaka huu, na mvua za kwanza pandeni minyaa kwa kubananisha, shina kwa shina. Miaka miwili hadi mitatu mtakuwa na ukuta ambao mbuzi hautaki kwa utomvu wake na mwizi hauoni faida. Onyeni watoto wasichezee utomvu huo, unaumiza macho vibaya. Pamoja na hayo, ombeni serikali ya kijiji itunge sheria ndogo ya mifugo inayoingia bustanini, yenye faini inayojulikana. Mkiitoza kwa mgeni mkaacha kuitoza kwa mbuzi wa mjumbe, imekufa.

Kuna jambo la ardhi, na hili limeua bustani nyingi kuliko mbuzi. Hiyo eka ilikuwa ya nani? Kama ni mtu aliwaazima kwa mdomo, jueni kwamba samadi yenu itamkumbusha kwamba ardhi ni yake. Ombeni eneo dogo katika ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi hiyo, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia igawiwe. Hakikisheni maamuzi yameandikwa kwenye muhtasari, mna nakala yake, na mkiweza mfuatilie hatimiliki ya kimila kwa jina la kikundi. Fanyeni hivyo kabla hamjachimba hata tuta moja. Baada ya mavuno ya kwanza, karatasi hiyo huwa ngumu kupatikana.

Fedha. Halmashauri ya wilaya inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtaambiwa mkimbilie huko, na afisa maendeleo ya jamii atawasaidia kusajili kikundi. Sajilini, lakini mkopo uacheni kwa sasa. Mikopo hiyo haina riba ila ina marejesho, na mchicha wa mwaka wa kwanza haujawahi kuheshimu tarehe ya marejesho. Wekezaneni wenyewe kidogokidogo kwa mtindo wa VICOBA, kila anayeuza atie fungu dogo kwa ajili ya vipuri vya pampu na waya. Wewe katibu andika kila kitu, hata mafungu yaliyoliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu wa tatu mkitaka kukopa kwa ajili ya pampu ya jua, daftari hilo ndilo litakalowasemea.

Jikoni kuna hasara inayotokea baada ya kazi yote hiyo. Mboga ya kijani ina vitamini A, lakini mwili hauichukui vizuri bila mafuta. Huko mna karanga na alizeti, basi kila sufuria ya mboga ipate kijiko cha karanga za kutwanga. Magadi yapunguzeni, yanalainisha mlenda na kuua baadhi ya vitamini. Na mnapokausha mboga za masika, msizianike juu ya mwamba katikati ya jua kali kama tulivyozoea. Zichemsheni dakika chache, ziwekeni kivulini penye upepo, zimefunikwa kitambaa chepesi. Zitakauka zikiwa bado kijani, na rangi hiyo ni dalili kwamba faida yake haijaungua yote. Mlenda mkavu wenu, ukikaushwa hivi, ni bustani ya pili isiyohitaji ndoo hata moja.

Waume zenu nao wasiachwe kwenye mkeka wa bao wakicheka. Njaa ya kwanza, ile ya nafaka, ndiyo yao. Hapo Dodoma kuna kijiji kiitwacho Chololo, ambako mkulima alibuni mashimo madogo ya kupandia yaliyopewa jina la kijiji chake: upana wa sentimita 22 hivi, kina 30, samadi ndani, mtama au uwele ukapandwa humo, na maji ya mvua yakanaswa badala ya kukimbilia korongoni. Kuchimba ni kazi ya kiangazi, wakati huohuo wenzao wanamwagilia. Wakivuna, nafaka iingie kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ili dumuzi na fukusi wasile sehemu yao. Nyumba yenye mashimo mia kadhaa ya Chololo, mifuko mitatu iliyofungwa vizuri na matuta mawili ya mboga, hiyo ninaweza kuisemea mbele ya mtu yeyote.

Msianze kesho. Mvua zikiisha Aprili, otesheni kitalu chini ya kivuli, hamishieni miche mwezi Mei, mle kuanzia Juni. Kabla ya hapo nenda pampuni siku tatu tofauti, asubuhi, mchana na jioni, na saa mkononi, uhesabu sekunde za kujaza ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 72, mnapata zile lita 1,000 kwa saa na hesabu yangu inasimama. Ikichukua dakika mbili, mna lita 600 tu, na kila mama atakuwa na tuta moja badala ya mawili. Andika, uniletee tarakimu hizo, na uniambie korongo lililo karibu lina umbali gani. Tutapima matuta baada ya hapo.